Kemshafti ya Nguvu

Jirani yangu hapa Songea ana Fuso la zamani, injini 6D14, silinda sita. Fundi amemwambia kuwa lori halipandi mlima kwa sababu kemshafti yake imepitwa na wakati, na kwamba ipo ya nguvu zaidi, aagize. Fedha anazo, ila ndizo hizo hizo za ada ya chuo ya binti yake. Akaja kuniuliza.

Kemshafti ni mhimili wenye nundu. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, yenyewe huzunguka mara moja. Nundu husukuma tapeti, tapeti husukuma fimbo, roka inainama na valvu inafunguka. Hiyo inayoitwa ya nguvu ina nundu zilizochongwa ili valvu ifunguke zaidi na ikae wazi muda mrefu zaidi. Faida yake huonekana injini inapozunguka kwa kasi kubwa, na ndiyo maana watu wa mashindano ya magari huipenda.

Lori la mahindi halishindani na mtu. Linatoka hapa kwenda Makambako na magunia yake, likifika milima ya Lukumburu dereva anarudisha gia, injini inavuta pole pole. Katika mwendo huo, valvu inayochelewa kufunga huiacha sehemu ya hewa irudi ilikotoka. Nguvu inapungua pale pale alipoihitaji. Atakuwa amenunua mwendo wa tambarare ili apandie mlima!

Tena dizeli haina nafasi ya kuchezea. Pistoni hupanda hadi karibu kabisa na kichwa cha silinda, ili hewa ibanwe na kupata joto la kuwasha mafuta bila plagi. Valvu iliyozidishiwa kimo inaweza kugongana na pistoni. Zikigongana, ada imekwenda na lori limelala.

Sisemi kwamba kemshafti haifi. Nundu hulika, hasa kwa mwenye lori anayesubiri oili iwe nyeusi kama lami ndipo aibadilishe. Nundu ikilika, valvu haifunguki vya kutosha, silinda moja inakosa pumzi, injini inagonga na kutetemeka. Hapo badilisha, lakini weka ya kipimo kile kile cha kiwanda, pamoja na tapeti mpya. Tapeti kuukuu iliyokwisha kulika itaitafuna kemshafti mpya kabla hujafaidi.

Ila hayo huamuliwa kwa kipimo. Mafundi wetu wana mikono mizuri, nawaheshimu. Tatizo ni kwamba kuuza kifaa kuna faida kuliko kupima. Nimemwambia jirani aanze na filta ya hewa, kwa maana vumbi la njia za mashambani linatosha peke yake kulitoa lori moshi mweusi. Kisha nozeli na pampu, klirensi za valvu, na kompresheni ya silinda zote sita. Kama bado injini inagonga, ndipo wafungue kifuniko cha valvu, wazungushe injini kwa mkono na kupima kila valvu inainuka kiasi gani. Ile inayoinuka pungufu kuliko wenzake, nundu yake ndiyo iliyolika.

Fundi hakufurahi sana. Hata hivyo amekubali kupima Jumamosi, na fedha ziko bado benki.