Tuandike Habari za Baba Zetu Waliokuwa Manowari



Tukitembea vijijini tunaambiwa, "Baba alikuwa kwa manowari, vita ya Hitler." Tukiuliza manowari gani, kimya. Basi tushike kazi hii pamoja.

Kwanza, tufungue sanduku lake: cheti cha kuachishwa jeshi, medali, picha. Namba yake ya jeshi ndiyo ufunguo. Tuinakili kabla mchwa hawajaila.

Pili, tuwaulize mama na wazee wachache waliobaki. Tusiulize, "Vita vilikuwaje?" Tuulize: Alipandia meli wapi? Alikula nini? Nani hakurudi? Tuandike vile wanavyosema, pamoja na tarehe.

Tatu, tulinganishe na historia. Wanamaji wa akiba wa Kenya walianzishwa Mombasa 1933. Mwaka 1942 manowari za Waingereza zilihamia Kilindini, kuwakwepa Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyobeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki kutoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa karibu na Maldives. Watu karibu 1,300 walikufa. Jina moja kama hilo likitajwa, tumepata pa kuanzia.

Daftari moja latosha. Tusingoje matanga ndipo tuulizane.