Tuliuliza Vibaya, Tunarudia

(Maneno ya mhudumu wa afya wa kijiji katika mkutano wa wanachama Jumamosi iliyopita. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani.)



Mwezi uliopita tulipita nyumba kwa nyumba kupima kama watu wazima wanaelewa jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyodhuru afya. Kwa mujibu wa karatasi zile, wengi wenu hamjui kitu. Leo nimesimama kusema kwamba karatasi zile hazifai, na kosa ni letu tuliouliza.

Swali la kwanza lilikuwa: "Umewahi kusikia mabadiliko ya tabianchi?" Bibi mmoja akanijibu, "Sijasikia, mjukuu wangu." Nikaandika HAJUI, nikafunga daftari. Ananipa maji ya kunywa, akaanza kueleza: siku hizi mvua inakatika mahindi yakitoa mbelewele, halafu inarudi wakati wa kuvuna, mahindi yanaingia ndani na unyevu wake, yanaota ukungu. Mahindi hayo yeye hampi hata kuku, maana anakumbuka mwaka 2016. Ndugu zangu, mwaka huo sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na kule Manyara. Sumu hiyo inatokana na ukungu unaoshika mahindi na karanga zilizoteswa na ukame shambani, kisha zikawekwa kabla hazijakauka. Inaharibu ini, na kupika hakuiondoi. Basi bibi huyu anajua kuliko mimi niliyemuuliza, lakini kwenye karatasi yumo kundi la wasiojua.

Upande wa pili yuko kijana, jina silitaji. Huyu alijibu ndiyo, akamwaga tabianchi na hewa ukaa kama redio. Nikaandika ANAJUA. Wiki ile ile ng'ombe wake kafa mwenyewe, naye kamchuna, nyama kagawia majirani.

Mnacheka, lakini si la kuchekesha. Homa ya Bonde la Ufa hulipuka baada ya mvua kubwa zisizo za kawaida. Mayai ya mbu hukaa miaka kwenye udongo wa mabonde yaliyokauka, mafuriko yakija yanaanguliwa, mbu wanauma mifugo, na damu ya mnyama mgonjwa inampa mchunaji ugonjwa. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini, na mkoa wetu uliumia sana. Wataalamu wanasema dunia ikizidi joto, mvua za namna hiyo zitaongezeka.

Wazee mtakumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi wakasikiliza redio. Waliopima kampeni ile hawakuishia kuuliza kama mtu anajua choo ni nini. Choo chenyewe kilikaguliwa. Sisi tuliosoma baadaye tukasahau jambo dogo kama hilo!

Kwa hiyo tunarudia, na neno tabianchi halimo. Tutauliza: mnyama akifa wakati wa mvua kubwa, unafanya nini? Mahindi yakinyeshewa unayaanika wapi? Mafuriko yakipita kisimani, maji ya kunywa unayafanyaje? Joto likizidi, mzee na mtoto mchanga unawatunzaje? Halafu tutaomba kuona kichanja na chombo cha maji.

Asiyejua aseme sijui, hakuna faini. Tafadhali msijibu kwa kutufurahisha. Kamati itatumia majibu haya kuamua kama fedha zilizotengwa zinunue maturubai ya kuanikia, au ziende kwenye mafunzo. Ukinidanganya kwamba una turubai na mahindi yako yako chini kwenye vumbi, basi turubai lako umelitoa mwenyewe kwa jirani.

Tunaanza Jumatatu asubuhi, kitongoji cha bondeni. Mwenye mbwa mkali amfunge.