Nguzo Nyembamba za Mayakovskaya

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mhandisi mstaafu, katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya ujenzi, kazi iliyonilisha maisha yangu yote. Nimechagua jengo moja tu: kituo cha treni za chini ya ardhi kiitwacho Mayakovskaya, mjini Moscow. Nilipokuwa nikisoma huko nilipita hapo kila siku.

Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1938, nacho kiko mita 33 chini ya barabara. Msanifu wake alikuwa Alexey Dushkin. Siku zile vituo vya kina kirefu vilishikiliwa na nguzo nene kama kuta, zikimzuia abiria kuona ng'ambo. Dushkin na wahandisi walitumia chuma. Mzigo wa udongo huteremka kwenye matao, matao huupeleka kwenye nguzo nyembamba, nazo huufikisha kwenye msingi. Basi ukumbi ukafunguka, ukawa mweupe.

Matao yamevikwa chuma kisichoshika kutu. Darini mna kuba ndogo, na ndani yake picha za vijiwe vya rangi zilizobuniwa na Alexander Deyneka. Zimebaki 34. Zinaonyesha mbingu ya alfajiri, ya mchana na ya usiku. Aliye chini ya ardhi akiinua macho huona ndege zikiruka.

Mwaka 1941 vita vilipofika, watu walijificha humo mabomu yakianguka. Tarehe 6 Novemba mwaka huo, majeshi ya Ujerumani yakiwa karibu na mji, mkutano wa mkesha wa sikukuu ya mapinduzi ulifanyika humo humo, Stalin akahutubia. Usalama wa wote uliegemea hesabu za watu waliokaa na kalamu miaka kadhaa nyuma.

Sasa nawaambieni jambo ambalo sijapata kulisema hadharani. Nilipoanza kazi nilisimamia ujenzi wa zahanati ndogo. Mkandarasi, ambaye alikuwa rafiki yangu, alipunguza saruji katika nguzo mbili. Nilijua, na nilitia sahihi. Usiku ule usingizi haukunijia. Nilikuwa nikiziona nguzo za Mayakovskaya. Alfajiri nilirudi, nikaagiza zile mbili zivunjwe zijengwe upya. Rafiki nilimpoteza, na kazi nusura niipoteze. Zahanati ingali imesimama.

Vijana, hesabu mnazozinung'unikia darasani ndizo zitakazobeba watu msiowajua. Wazee wenzangu, tumechanga fedha za bweni jipya. Naomba kabla ya kumlipa fundi, tumwite mkaguzi asiyetujua wala kutuogopa. Akisema vunjeni, tuvunje.