Matayarisho ya Vijana Wanaokwenda Chuoni



Mwaka 1959 vijana 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani, na wengi wao walichangiwa na jamaa na majirani. Desturi hiyo ni njema. Lakini mchango usio na matayarisho ni kutia maji katika pakacha.

Kwanza, mtoto achague masomo mapema. Kwa mwenye cheti cha KCSE, C ya kujumlisha hufungua mlango wa shahada, lakini uganga na uhandisi hudai alama nzuri katika masomo yake maalumu.

Pili, jina lake lifanane katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na kitambulisho. Herufi moja huweza kumchelewesha.

Tatu, aombe mkopo wa serikali kwa wakati, akijua ya kuwa mkopo wa Bodi iliyoundwa mwaka 1995 ni deni, wala si sadaka.

Mwisho, karamu ya kumuaga kijana isile karo yake. Nashauri fedha za chama zipelekwe chuoni moja kwa moja. Na binti aliyefaulu asiwekwe nyuma ya ndugu yake aliyeshindwa.