Mng'ao unaanzia chini ya rangi

(Mazungumzo kwa wanamemba wa atelie ya mbao, Ruashi)



Mulituomba tuzungumze juu ya rangi ya zile sanduku za michezo ya video ambazo vijana wanatengeneza. Inaonekana ni jambo dogo, lakini franga za tripleksi, za skrini na za vibonyezo zilitoka katika mfuko wa chama. Sanduku ya kwanza ikikataliwa na mwenye nyumba ya michezo, mwenzetu anayengoja zamu yake ya mkopo ataendelea kungoja. Tena watu wa mtaa watasema: kazi ya hawa waliorudi kutoka Zambia ni ya haraka-haraka tu. Hatutaki wapate hilo la kusema.

Mwaka 1971, Wamarekani walipotoa Computer Space, mashine ya mchezo ya kutia sarafu, mwili wake ulikuwa wa faibaglasi, laini toka kiwandani. Sisi tuko na mbao. Mbao ina nyuzi na matundu, na kingo za tripleksi zinakunywa rangi sana. Rangi ya kung'aa haifichi kitu: kila shimo la msumari linaonekana mara mbili. Njo maana kazi kubwa inafanyika kabla ya kufungua kopo.

Kwanza, mujaze matundu na kingo kwa mastiki. Ikauke kabisa, kisha musugue kwa msasa namba 120, halafu 220, kwa kufuata nyuzi za mbao. Fungeni macho, mupitishe mkono. Kisha muangaze tochi ya simu kutoka pembeni: penye kivuli, bado.

Pili, rangi ya chini. Ikikauka mutasikia mbao imesimamisha manyoya. Musugue tena kwa 220, polepole, mupanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Tatu, ile rangi ya mafuta yenyewe. Mupake nyembamba kwa rulo ya sponji, na mumalizie kwa burashi laini upande mmoja, bila kurudi-rudi. Rangi hii inakauka kwa kupata hewa, kwa hiyo juu inatangulia. Ukipaka nzito, juu inafanya ngozi na chini inabaki mbichi, mwishoni inakunjamana. Mungoje siku nzima, musugue kidogo kwa msasa namba 400 wenye maji na sabuni, mupanguse, ikauke, ndipo mupake tena. Mara tatu nyembamba zinashinda moja nzito. Ile ya mwisho haisuguliwi.

Sasa hali yetu ya hapa Lubumbashi. Wakati wa kiangazi vumbi nyekundu inaingia kila mahali. Mumwagie sakafu maji, mufunge mlango wa upande wa upepo, na siku ya kupaka mtu asifagie wala kusugua mbao ndani. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, rangi inachelewa. Muanze saa nne, mumalize mbele ya saa nane. Wakati wa mvua, kama mbao ina unyevu, acheni kwanza.

Kuna jambo lingine, na hapo hatuna mchezo. Mbabula isikaribie diluani hata kidogo, juu mvuke wake unashika moto. Anayesugua afunge pua na mdomo. Musitumie rangi kuukuu ya kopo lisilo na maandishi, wala musisugue mbao zenye rangi ya zamani karibu na watoto: inaweza kuwa na risasi, na risasi inaharibu akili ya mtoto hata ikiwa kidogo. Hizi sanduku zitashikwa na mikono ya watoto kila siku. Mutafute kopo lililoandikwa kwamba haina risasi.

Mwisho, rangi iliyokauka bado haijakomaa. Ukiibeba kesho yake, kamba zitaacha alama. Tunaomba sanduku ikae siku saba kabla ya kutoka, na tarehe hiyo mumwambie mteja toka siku anapotoa avansi. Hivi hamna wa kuwakimbiza, na mteja atapokea kitu anachoweza kujiona usoni mwake.

Sasa tusikie maulizo yenu.