Nani Apime Hatari? Utafiti Huru na Silaha za Nyuklia: Funzo kutoka Nachingwea na Ruangwa



1. Utangulizi

Hapa mezani nimeweka jiwe la kinywe kutoka Ruangwa, mkoani Lindi. Atakayelishika atabaki na weusi unaong'aa vidoleni, kama aliyechonga penseli. Kinywe chetu kinatafutwa kwa ajili ya betri. Lakini kinywe cha kiwandani, kilichosafishwa sana, ndicho kilichotumika Chicago tarehe 2 Desemba 1942 katika kinu cha kwanza cha nyuklia. Urani ya bomu la Hiroshima nayo ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga. Suala la silaha za nyuklia haliko mbali nasi.

Hoja yangu ni moja: nia njema peke yake haipunguzi hatari ya silaha hizi. Wanahitajika wataalamu wanaoipima bila kutumwa na mwenye silaha wala mwenye mtaji.

2. Funzo la karanga

Nachingwea, jirani ya Ruangwa, inajua gharama ya kukosa wapimaji huru. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulikagua ardhi kwa wiki tisa, mara nyingi kutoka angani, ukasema karanga zitastawi. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikafyekwa kwa mradi wa karanga. Reli ikajengwa kutoka pwani ya kusini hadi Nachingwea. Mvua haikutosha, na udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 Uingereza iliuacha mradi kwa hasara ya pauni milioni 36. Wakefield mwenyewe alikuwa ameingizwa kwenye bodi ya shirika lililouendesha: aliyekadiria ndiye aliyesimamia.

Ukikosea karanga unapoteza fedha. Ukikosea silaha za nyuklia, hakuna msimu wa kupanda tena.

3. Mwalimu na wapimaji

Tarehe 22 Mei 1984 Mwalimu Nyerere, pamoja na viongozi wa India, Sweden, Argentina, Mexico na Ugiriki (Indira Gandhi, Olof Palme, Raúl Alfonsín, Miguel de la Madrid na Andreas Papandreou), waliyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasitishe kuzijaribu na kuziunda. Waliopinga walidai kwamba majaribio ya siri hayawezi kugundulika. Kundi hilo la nchi sita lilijibu kwa utaalamu: Agosti 1986, huko Ixtapa, Mexico, lilijitolea kwamba wataalamu wa nchi zake wasaidie kuhakiki. Mwezi mmoja kabla, wanasayansi wa Marekani wasio wa serikali yao walikuwa wamefunga mitambo ya kupimia mitetemo ya ardhi karibu na Semipalatinsk, eneo la majaribio ya nyuklia la Kisovieti, kwa makubaliano ya shirika binafsi la Marekani liitwalo NRDC na wanasayansi wa Kisovieti.

Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ulifunguliwa kutiwa saini mwaka 1996. Leo Dar es Salaam kuna kituo cha mtandao wake: kinavuta hewa na kuipitisha kwenye kichujio ili kunasa chembe za mionzi.

Si wote waliokubaliana na Mwalimu. Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, katika mihadhara ya Reith ya redio ya BBC ya mwaka 1979, alishauri Afrika iwe na silaha hizo ili wakubwa waingiwe na hofu, hatimaye ziachwe na wote. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Afrika Kusini ilibomoa mabomu yake sita, na Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa ukanda usio na silaha za nyuklia, ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Hata hivyo, uhuru wa kupingana namna ile ndio uhai wa utafiti.

4. Mapendekezo

(a) Serikali na wafadhili watenge fedha za utafiti wa udhibiti wa silaha, na mtoa fedha asiwe na kauli juu ya matokeo.

(b) Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania na vyuo vikuu visomeshe vijana wa mikoa yenye madini, Lindi na Ruvuma ikiwamo, kupima mionzi na kuzielewa orodha za kimataifa za udhibiti wa bidhaa za nyuklia. Kinywe ambacho uchafu wake, ukikadiriwa kama boroni, ni chini ya sehemu 5 kwa milioni, kikitakiwa kwa vinu vya nyuklia, kimo katika orodha hizo.

(c) Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yafike shuleni na kwenye mikutano ya vijiji.

5. Hitimisho

Walimu wenzangu, mwanafunzi wa Ruangwa akiuliza kinywe kinakwenda wapi na kinafanya nini huko, msimwambie hayo hayamhusu. Mpeni kitabu, mpeni kipimo, mwacheni atafute jibu, hata kama jibu hilo halitampendeza mkubwa yeyote.