Kiti ni Kimoja, Kura ni Nyingi: Tupige Hesabu Kabla ya Serikali za Mitaa

(Mada hii ilitolewa mwaka 2023 kwenye semina ya vijana kwa makatibu na wahamasishaji wa kata. Tumeiweka karibu kama ilivyosemwa, maswali ya ukumbini tumeyaacha.)

Najua harufu ya pilau inawafikia, kwa hiyo sitapiga siasa za jukwaani hapa. Jukwaa tumerudishiwa tangu Januari 2023 mikutano ilipofunguliwa, huko mtapiga kelele mpaka mchoke. Leo tupige hesabu, maana mwakani ni serikali za mitaa na nikiwauliza mmejipangaje, wengi mnanijibu neno moja: "Tunashinda." Sawa. Kwa uwezekano gani? Hapo ukumbi unanyamaza.

Nianze na bao. Wacheza bao hapa mpo, nawaona. Bao la Kiswahili lina kete 64, thelathini na mbili zako, thelathini na mbili zangu. Katikati ya mchezo hakuna kete inayozaliwa wala inayokufa. Nikikula zako sita, mimi nina 38, wewe 26. Nilichopata mimi ndicho ulichopoteza wewe, bila chenji. Wanahesabu wanauita mchezo wa jumla sifuri: ukijumlisha faida ya mmoja na hasara ya mwenzake, jibu ni sifuri. Mwaka 1928 Mhungaria mmoja, John von Neumann, alithibitisha kihesabu kwamba kwenye mchezo kama huo wa watu wawili kila mchezaji ana njia ya kujikinga na hasara kubwa hata kama mwenzake ni mjanja kiasi gani. Tuiache hapo, sikuja kufundisha hesabu za chuo.

Sasa linganisha na ligi. Mechi ikipata mshindi, zinatoka pointi tatu. Ikiisha sare, zinatoka mbili tu, moja moja. Ile ya tatu imeyeyuka. Kwa hiyo ligi siyo bao, jumla yake inabadilika. Timu mbili za mkiani zikikamiana dakika tisini halafu zikatoka sare, kuna pointi imepotea kati yao, na anayecheka ni timu nyingine kabisa ambayo siku hiyo wala haikuingia uwanjani.

Mnaona ninakoelekea.

Kiti cha mwenyekiti wa mtaa ni bao. Kipo kimoja, ukikipata wewe mimi nimekosa, hata kama umenizidi kura moja. Hapo sibishani na mtu. Kosa letu vijana ni kuichukua akili hiyo ya kiti na kuipeleka kwenye kila kitu. Tunaipeleka kwenye kura, kwenye vyama vingine vya upinzani, hata kwa jirani aliyevaa kofia ya kijani. Huko hesabu ni nyingine.

Chukueni uchaguzi wa rais wa 2010. Walioandikishwa ni zaidi ya milioni 20. Waliopiga kura ni milioni 8.6. Kikwete alipata takriban milioni 5.3, Dk. Slaa takriban milioni 2.3. Waliobaki nyumbani? Zaidi ya milioni 11! Ukiwachukulia kama chama, ndiyo walioshinda, tena kwa kishindo. Najua daftari lina marehemu na waliohama, punguza unavyotaka, bado ni umati. Mwaka 2015 watu walijitokeza kweli, asilimia 67, na Magufuli akamzidi Lowassa kwa kura kama milioni 2.8. Mwaka huohuo waliojiandikisha halafu hawakupiga kura walikuwa zaidi ya milioni 7. Kwa hiyo uwanjani hatupo wawili. Kuna wa tatu amekaa barazani anaangalia, na sisi tunapita mbele yake kila siku tukikimbilia kubishana na yule wa kijani kwenye magrupu ya WhatsApp.

Na huyo wa kijani naye msimdharau. Ukimtoa barazani mtu mmoja akaja kwetu, pengo linapungua kwa kura moja. Ukimtoa kwao mtu mmoja akaja kwetu, linapungua kwa mbili, maana wao wamepungukiwa na sisi tumeongezeka. Ila yule wa barazani ni rahisi kumpata, huyu ni mgumu. Kila mtu ajue mtaani kwake nani anapatikana kwa gharama gani. Ninachojua hakika ni kwamba matusi hayajawahi kumhamisha mtu. Mama wa saccos anayepigia CCM kwa sababu ndiyo iliyomfikia, ukimwita msaliti mbele ya wateja wake, umemfunga huko mpaka 2030.

Tuje kwenye hili linalotuuma, vyama vya upinzani wenyewe kwa wenyewe.

Kenya, Desemba 1992, uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi. Moi alipata kama asilimia 36. Matiba 26, Kibaki 19 na ushee, Jaramogi Odinga 17 na ushee. Jumlisha hao watatu, inakaribia 63. Karibu watu wawili kati ya kila watatu walimkataa Moi, na Moi akaapishwa. Matiba na Odinga walikuwa wametoka chama kimoja, FORD, wakakigawana vipande viwili kwa kugombania nani atasimama. Kila mmoja aliona kura ya mwenzake kama kete iliyokuwa yake. Mwaka 1997 wakarudia, Moi akashinda tena kwa asilimia 40 hivi. Ilibidi kufika 2002 ndipo wakaungana chini ya NARC, Kibaki akapata asilimia 62 dhidi ya 31 za Uhuru Kenyatta. Miaka kumi iliyoliwa na hesabu mbovu.

Malawi walijifunza haraka zaidi. Mei 2019 Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.6, Chakwera 35.4, Chilima 20.2. Februari 2020 mahakama ikafuta matokeo, na mjue ilifuta kwa ushahidi wa fomu, zile zilizopakwa wino mweupe wa kufutia. Mahakama ikasema pia mshindi lazima avuke nusu ya kura. Chakwera na Chilima wakasimama pamoja, Juni 2020 wakapata karibu asilimia 59. Sasa jumlisheni asilimia zao za mwanzo: 35.4 na 20.2 ni 55.6. Kwa asilimia, walipata zaidi ya jumla yao.

Sasa mtaniuliza, kama faida ni wazi hivi, mbona vyama vyetu kila mara vinashindwa kuachiana? Wengi wanasema ni tamaa au mamluki. Mimi nasema angalieni sheria kwanza. Viti maalum vya ubunge vinagawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima, ukishavuka asilimia tano. Ruzuku nayo inaangalia kura na viti. Maana yake kura 4,000 ulizopata kwenye jimbo uliloshindwa siyo takataka, zinakwenda kwenye kapu la taifa. Mwaka 2010 CHADEMA ilipata viti maalum 25, zaidi ya majimbo 23 iliyoshinda. Kwa hiyo ukikiambia chama "msisimamishe mgombea hapa, tuachieni", unakiomba kitupe kitu halisi. Katibu mkuu anayekataa hajapungukiwa akili, anahesabu kapu lake. Ukitaka akubali mpe kitu: wewe muachie jimbo la pili, au kata, au muweke mawakala pamoja. Kumhubiria umoja bila kumlipa ni kupoteza nauli.

Lakini mwakani ni mitaa, vijiji na vitongoji. Huko kura zenu haziingii kwenye hesabu ya viti maalum vya Bunge wala ruzuku. Ile sababu ya kung'ang'ania haipo! Ukisimamisha mtu mtaa ambao unajua una watu thelathini, na chama rafiki kina mia mbili, hupati chochote ila kuwapa CCM zawadi. Hapa ndipo pa kujifunzia kuachiana, kabla ya 2025 ambapo kuachiana kutakuwa na bei kubwa zaidi.

Niguse Zanzibar kidogo, kwa sababu pale tuliona mchezo wa kupata yote au kukosa yote unavyoua. Mwaka 1995 Dk. Salmin alitangazwa kumzidi Maalim Seif kwa kura 1,565. Nusu ya nchi ikapata kila kitu, nusu nyingine ikabaki mikono mitupu. Januari 2001 watu wakauawa kwenye maandamano, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa Oktoba ulikuwa umebanana vilevile, 50.1 kwa 49.1, lakini safari hii aliyeshindwa akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Yaliyotokea 2015, uchaguzi kufutwa, mnayajua. Mapatano hayajatibu kila kitu. Ila angalau yalibadilisha kanuni za mchezo wenyewe, na ndiyo maana sisi tunaodai katiba mpya tunatakiwa kujua tunadai kanuni zipi, siyo kuimba tu.

Haya, uwezekano. Wabeti mpo? Usifiche mkeka wako, nimeuona. Kwanza kubeti kupo chini hata ya bao, maana kampuni inachukua chake kabla ninyi hamjagawana. Lakini mkeka unafundisha. Mtu anachagua mechi kumi za "uhakika", kila moja ina uwezekano wa saba kwa kumi. Anaona saba kwa kumi, saba kwa kumi, anatabasamu. Ukizidisha zote kumi unapata kama asilimia 3. Ndiyo maana unachanika kila Jumapili kwa timu moja, na kila Jumapili unailaumu ile timu moja.

Kushinda mtaa ni mkeka. Watu wetu wajiandikishe kwenye orodha ya mtaa. Mgombea apitishwe, asienguliwe. Upinzani usigawane kura. Siku yenyewe watu watoke. Na mawakala wawepo mpaka kura ya mwisho ihesabiwe na karatasi ya matokeo ipatikane mkononi. Matano hayo, yote lazima yatiki. Kila moja likiwa na uwezekano wa asilimia 80, jumla ni 33 tu. Unaweza kujiona umejiandaa vizuri kila eneo na bado ukashindwa mara mbili kati ya tatu. Na hapo huna haja ya kumtafuta mchawi.

Ngoja niwaonyeshe kitu kingine. Tuseme manne kati ya hayo yako asilimia 90, lakini la kuenguliwa liko 30, maana fomu mnajaza usiku wa mwisho kwenye bonde la giza. Uwezekano wenu ni kama asilimia 20. Mkitumia hela na nguvu kupandisha yale manne mpaka 95, mnafika 24. Mkiacha yale manne kama yalivyo mkapandisha hilo moja kutoka 30 hadi 60, mnafika 39. Sisi tunapenda kuongeza spika na fulana kwenye kata ambayo hamasa tayari ipo 90, wakati hakuna hata kijana mmoja aliyesoma kanuni za uteuzi.

Nasikia mtu pale nyuma anasema refa ni wao. Ni kweli, sitakudanganya. Mwaka 2019 wagombea wetu walienguliwa kwa maelfu, vyama vikajitoa, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2020 yapo majimbo zaidi ya 20 ambayo mbunge alipita bila kupingwa. Kwa hiyo kwenye hesabu yenu msiandike 90 pale panapostahili 30. Andika 30, halafu uliza nini kinaiongeza: wagombea wa akiba, fomu kukaguliwa na mtu anayejua sheria, rufaa iliyoandikwa tayari kabla hujaenguliwa, nakala ya kila karatasi. Malawi refa naye alikuwa wao. Mtu anayesema "hakuna haja, wameshapanga" ameandika sifuri, na sifuri ukizidisha na chochote unapata sifuri. Na yule wa "tunashinda tu" ameandika mia. Wote wawili wamejipa sababu ya kutokufanya kazi, ndivyo ninavyoona mimi.

Basi. Kwenye bahasha zenu kuna karatasi yenye safu tano, moja kwa kila hatua niliyotaja. Baada ya chakula kila kata ikae peke yake, ijaze mtaa kwa mtaa namba inayoiamini kweli, siyo ya kumfurahisha mwenyekiti wa wilaya. Safu ya tatu, ile ya kugawana kura, muandike na jina la chama rafiki chenye nguvu kwenye mtaa huo na mtu wa kuongea naye. Saa tisa tunasoma kwa sauti, tukianza na kata zenye namba ndogo.